Mvunja Nyumba Mbele ya Sheria

Tuseme ya kwamba mama mmoja, fundi wa kushona nguo, amepanga chumba katika jengo la ghorofa huko Kayole, mashariki ya mji wa Nairobi. Jioni moja amekwenda kukesha katika matanga ya jamaa yake. Arudipo asubuhi akuta kufuli imekatwa, na cherehani yake haipo, wala mtungi wa gesi, wala televisheni. Majirani wanong'ona jina la kijana wa mtaa uleule, ambaye amekwisha kufungwa mara mbili kwa wizi. Siku ya tatu kijana huyo akamatwa. Siku ya saba yuko nje, amesimama kando ya barabara akinywa soda. Hapo ndipo watu wasemapo kwamba polisi wamekula hongo na mahakama ni mchezo tu.

Huenda mara nyingine neno hilo likawa kweli, maana rushwa ipo wala haifichiki. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine, nayo imo katika sheria yenyewe. Na mtu asiyeijua sheria huweza kuliharibu shauri lake kwa mikono yake mwenyewe kabla halijafika kwa hakimu. Kwa hiyo yafaa kulifuata shauri la mama huyu hatua kwa hatua, toka kufuli iliyokatwa hata siku ya hukumu.

NINI MAANA YA KUVUNJA

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 304, yasema ya kuwa mtu avunjaye na kuingia katika jengo, hema au chombo ambacho watu hukaa ndani yake, akiwa na nia ya kutenda kosa kubwa humo, aweza kufungwa miaka 7. Akitenda hivyo wakati wa usiku, kosa lake huwa zito zaidi, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Maduka, maghala, ofisi na majengo ya shule yana kifungu chake, yaani cha 306.

Watu wengi hudhani kwamba kuvunja ni lazima mlango upasuliwe au dirisha lipigwe kwa jiwe. Sivyo. Kifungu cha 303 chaeleza ya kuwa hata mtu afunguaye kwa ufunguo, au asukumaye mlango uliorudishwa tu, au ainuaye dirisha, huyo amevunja. Na kuingia si lazima mwili mzima upite. Mkono ukipita dirishani, au fimbo yenye ndoana ikipenyezwa kati ya vyuma ili kuvuta suruali iliyotundikwa, sheria yahesabu ya kuwa mtu ameingia. Lakini mlango ukiwa wazi kabisa, na mtu akapita akachukua simu juu ya meza, hapo hapana kuvunja. Kuna wizi ndani ya nyumba ya kukaa, ambao ukizidi thamani ya shilingi 100 waweza kumpatia mtu kifungo cha hadi miaka 14 chini ya kifungu cha 279. Shilingi 100 hizo zilikuwa fedha nyingi sheria ilipotungwa. Leo hazinunui hata kilo moja ya nyama, lakini bado zimo katika kitabu. Ndiyo sababu hati ya mashtaka ya namna hii kwa kawaida hutaja makosa mawili pamoja: kuvunja nyumba usiku, na kuiba ndani yake.

Na usiku ni nini? Sheria haikuacha jambo hili kwa macho ya watu. Usiku huanza saa kumi na mbili na nusu ya jioni na kwisha saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Katika nchi ya Ikweta, ambapo jua huchwa karibu saa ileile mwaka mzima, kipimo hicho hakina shida. Shida iko katika ushahidi. Mama wetu aliondoka saa kumi na moja ya jioni, akarudi saa mbili ya asubuhi. Ikiwa hapana mtu aliyeona kufuli nzima baada ya giza kuingia, mwendesha mashtaka hawezi kuonyesha ya kuwa nyumba ilivunjwa usiku, na hakimu atalazimika kumpa mshitakiwa faida ya shaka hiyo. Basi jirani aliyepita ukumbini saa tatu ya usiku akaona kufuli bado imefungwa ni shahidi wa maana sana, ingawa yeye mwenyewe hudhani kwamba hakuona kitu.

ASUBUHI YA KWANZA

Jambo la kwanza ni kutogusa. Mtu aliyeibiwa huingia kwa uchungu, akapindua vitu ili aone kipi kimebaki, majirani nao wakaingia nyuma yake kumpa pole, na baada ya nusu saa kila kitasa kimeshikwa na mikono kumi. Kufuli iliyokatwa huokotwa ikatupwa. Hiyo ndiyo kufuli ambayo hakimu angetaka kuiona.

Elimu ya alama za vidole si ngeni. Ilianza kutumiwa na polisi huko Bengal katika Bara Hindi mwaka 1897, chini ya Edward Henry na wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose, kisha ikapelekwa London mwaka 1901. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Denmark Hill mjini London, mwizi aitwaye Harry Jackson alivunja nyumba akaiba mipira ya mchezo wa biliadi. Kizingiti cha dirisha kilikuwa kimepakwa rangi mbichi, naye akaacha alama ya dole gumba juu yake. Polisi walipotafuta katika majalada yao wakakuta dole gumba lilelile, maana Jackson alikuwa amekwisha kufungwa zamani. Akahukumiwa miaka 7. Huyo alikuwa mtu wa kwanza katika Uingereza kupatikana na hatia ya kuvunja nyumba kwa ushahidi wa vidole. Tena yafaa kuangaliwa kwamba alikamatwa kwa sababu alikuwa mwizi wa kurudia. Angekuwa mpya, jalada lisingekuwa na dole lake.

Hapa Kenya wazee hukumbuka alama za vidole kwa jambo chungu, yaani kipande, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa tangu miaka ya 1919 na 1920, wala hawakuwa wezi. Siku hizi alama za washitakiwa hutunzwa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, na idara hiyohiyo ndiyo itoayo cheti cha tabia njema kwa vijana watafutao kazi.

Jambo la pili ni kwenda kituo cha polisi na kuandikisha habari katika kitabu cha matukio. Mwenye kuandikisha hupewa namba ya tukio, ambayo watu huiita namba ya OB, naye hapaswi kulipa hata senti moja. Aandike namba hiyo mahali pasipopotea. Kisha ataje vitu vyake kwa alama zake, si kwa jina tu. Kusema "cherehani nyeusi" hakufai kitu, maana cherehani nyeusi ni nyingi Kayole. Lakini cherehani ya Singer ina namba iliyopigwa katika chuma chake. Televisheni ina namba nyuma. Hata mtungi wa gesi wenye rangi iliyochubuka na kamba ya bluu shingoni waweza kutambuliwa. Risiti ya duka hufaa, na picha iliyopigwa kwa simu hufaa pia.

Kwa nini alama hizo zina nguvu hivyo? Kwa sababu wezi wa usiku hawaonekani mara nyingi, na mahakama huogopa, tena kwa haki, kumfunga mtu kwa sababu shahidi mmoja alimwona gizani. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa onyo hilo tangu mwaka 1953, na mahakama za Kenya bado hulifuata. Huulizwa taa ilikuwa wapi, ilikuwa mbali kiasi gani, na shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani. Lakini mali ikikutwa mikononi mwa mtu siku chache baada ya kuibwa, mzigo wa kueleza humwangukia yeye. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza yanayopasa kuthibitishwa: kwamba mali ilikutwa kwa mshitakiwa, kwamba ni mali ya mlalamikaji kweli, kwamba iliibwa kwake, na kwamba iliibwa karibuni. Likikosekana moja katika hayo, shauri limelegea. Ndiyo maana namba ya cherehani yaweza kupita maneno ya mashahidi watano wasemao, "Kijana huyu twamjua ni mwizi."

KWA NINI YUKO NJE

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 49, yaagiza kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zimekwisha wakati mahakama imefungwa. Mashauri mengi ya Kayole yamekuwa yakipelekwa Makadara. Huko mshitakiwa husomewa mashtaka kwa lugha aijuayo. Akikubali, mwendesha mashtaka husoma habari ya tukio, na mshitakiwa huulizwa tena kama habari hiyo ni kweli. Akianza kusema, "Nilichukua lakini nilikuwa nimepewa," hakimu huandika kwamba amekana. Akikana, siku ya kusikilizwa hupangwa.

Hapo ndipo dhamana hutokea, na hapo ndipo watu hukasirika. Ibara hiyohiyo yampa kila mshitakiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Maana yake mtu huyu bado hajahukumiwa, na rumande ya Viwandani imejaa watu ambao baadaye walionekana hawana hatia. Dhamana ni ahadi ya kurudi, nayo haifuti mashtaka. Kijana anywaye soda kando ya barabara bado ni mshitakiwa.

Hata hivyo mtu aliyezoea wizi hatazamwi sawa na mgeni. Hakimu aruhusiwa kuangalia tabia ya mshitakiwa, mambo yake ya zamani, jamaa na makao yake, na kama aliwahi kupewa dhamana akakimbia. Ofisa wa uangalizi aweza kutumwa mtaani kuuliza habari zake. Basi mlalamikaji aliyetishwa, au aliyeona mshitakiwa akiwaendea mashahidi usiku, asikae kimya nyumbani akilaumu serikali. Na amwambie mpelelezi na mwendesha mashtaka, ili waombe dhamana ifutwe. Hakimu hawezi kujua yanayotendeka Kayole ikiwa hakuna aliyemwambia.

Kisha kuna kungoja. Siku hupangwa, shahidi wa polisi amehamishwa, siku nyingine hupangwa. Mama wetu amefunga kazi yake mara tatu na kulipa nauli ya matatu mara tatu. Mara ya nne anachoka, hakwendi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, kifungu cha 202, yasema kwamba mlalamikaji asipofika siku ya kusikilizwa, naye amearifiwa, hakimu aweza kumwachilia mshitakiwa. Wezi waliozoea waijua njia hii kuliko watu waliowaibia. Wengine hawataki kushinda shauri. Wataka mlalamikaji achoke tu. Na wengine humtuma mzazi alete fedha kidogo na maneno laini, ili jambo limalizwe nyumbani. Uchungu wa mzazi huyo ni wa kweli, lakini kuvunja nyumba usiku ni kosa kubwa, na kulifuta si kazi ya majirani.

MARA YA TATU

Mtu mmoja aweza kuuliza: ikiwa kijana huyu amefungwa mara mbili, kwa nini hakimu haambiwi siku ya kwanza ili shauri liishe upesi? Jibu ni kwamba sheria yakataza. Wakati shauri linasikilizwa, makosa ya zamani hayatajwi kuwa ushahidi wa kosa la leo, ila katika nafasi chache, kama vile mshitakiwa mwenyewe akijisifu kuwa na tabia njema. Maana mtu aliyeiba mwaka juzi huenda hakuiba jana. Na polisi mvivu angeweza kumkamata mtu yuleyule kila kufuli ikatwapo.

Lakini hatia ikisha kupatikana, jalada hufunguliwa. Mwendesha mashtaka husimama akataja vifungo vya zamani. Mshitakiwa akivikana, vyaweza kuthibitishwa kwa nakala ya hukumu au kwa hati ya alama za vidole. Hapo mambo hubadilika. Mtu wa mara ya kwanza, aliyekubali kosa na kurudisha mali, huenda akapewa uangalizi, au kazi za jamii chini ya sheria ya mwaka 1998, au kifungo kisichozidi miaka 2 ambacho kimeahirishwa, naye atakitumikia akikosa tena. Mtu wa mara ya tatu hana sababu ya kutazamia huruma hiyo. Hakimu hamwadhibu tena kwa makosa aliyokwisha kuyalipia, lakini aruhusiwa kusema kwamba adhabu nyepesi hazikumfundisha, na kupanda kuelekea ile miaka 10. Viboko, ambavyo zamani mahakama ziliweza kuamuru, viliondolewa mwaka 2003.

Tena kuna njia nyingine za kuwashika wazoefu, nazo hazijulikani sana. Mtu akutwaye mbali na makao yake na chombo cha kuvunjia aweza kufungwa miaka 5 chini ya kifungu cha 308, hata kama hajavunja nyumba yo yote. Lakini ikiwa aliwahi kupatikana na kosa kubwa la mali, miaka hiyo huwa 10. Mtu aliyepatikana na hatia zaidi ya mara moja aweza kuwekwa chini ya uangalizi wa polisi baada ya kutoka jela, kwa muda usiozidi miaka 5, ili ijulikane anakaa wapi. Na hakimu akipewa habari za kiapo kwamba fulani ni mvunja nyumba au mpokea wizi kwa mazoea, aweza kumwita aeleze kwa nini asiweke dhamana ya mwenendo mwema. Njia hii yahitaji watu waliotayari kusema kwa kiapo, si kunong'ona.

Mwenye kushangaa kumwona mfungwa amerudi mapema yafaa ajue pia kwamba wafungwa wengi hupunguziwa theluthi moja ya kifungo chao wakiwa na tabia njema, na siku za rumande huhesabiwa. Miaka 3 yaweza kuwa miaka 2. Hapana aliyehonga.

Vijana wana mambo yao. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliinua umri wa kushitakiwa toka miaka 8 hata 12. Wavulana wakubwa kidogo waweza kupelekwa katika shule za Borstal za Shikusa au Shimo la Tewa, na huko Kamiti kuna kituo cha vijana wa miaka 17 hata 21 ambao ni kosa lao la kwanza, ambapo hukaa miezi 4. Nia ni kuwatenga na wazoefu, maana kijana awekwaye chumba kimoja na mvunja nyumba wa miaka 20 hutoka amejifunza kazi.

MNUNUZI

Mwizi hashoni nguo. Cherehani ile aliitaka kwa sababu alijua mtu atakayeinunua kabla jua halijatoka. Mtu huyo ana duka, ana watoto shuleni, na pengine husalimiwa kwa heshima mtaani. Kifungu cha 322 chasema kwamba apokeaye mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi, aweza kufungwa hadi miaka 14. Yaani sheria yaweza kumfunga mnunuzi kuliko mvunja mlango mwenyewe. Bei ndogo mno, saa ya usiku, kukosa risiti, namba iliyokwanguliwa: hayo yote hakimu huyatazama. Mtu wa Kayole anunuaye mtungi wa gesi wa bei ya kutupa amwulize muuzaji risiti, maana yeye mwenyewe ndiye atakayeulizwa siku ya pili.

RISASI NA MATAIRI

Kuna watu wasemao kwamba njia hii yote ni ndefu, na kwamba dawa ya mwizi ni tairi na petroli, au risasi. Maneno hayo husemwa na watu wema, waliochoka kuibiwa. Lakini kila raia ana ruhusa ya kumkamata mtu atendaye kosa kubwa mbele yake, kwa sharti la kumkabidhi kwa polisi bila kukawia. Hana ruhusa ya kumpiga hata afe, na kundi liuapo, kila aliyeshiriki aweza kushitakiwa kwa kuua. Askari naye amefungwa na sheria ya polisi ya mwaka 2011, na mtu akiuawa kwa mkono wa polisi, Halmashauri huru ya kuwasimamia polisi, iitwayo IPOA, yapaswa kuarifiwa.

Jambo hili si la kubuni katika Eastlands. Katika miaka ya 2010 picha za vijana walioshukiwa zilikuwa zikionyeshwa katika Facebook pamoja na maonyo, kisha zikafuata picha za maiti. Mwezi wa Julai 2019 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba wanaume na wavulana wasiopungua 21 walikuwa wameuawa na polisi katika Mathare na Dandora tangu Agosti 2018. Katika mauaji ya namna hiyo hakuna hakimu aliyeuliza taa ilikuwa wapi. Na aliyeuawa hataji mnunuzi ni nani. Cherehani hubaki mahali pake dukani.

SIKU YA HUKUMU

Mama wetu, akienda Makadara siku ile ya nne, ataulizwa mambo machache: aliacha nyumba saa ngapi, alifunga vipi, alikuta nini, na vitu vilivyo mbele ya mahakama avitambua kwa alama gani. Aseme aliyoyaona tu. Akitaka kusema aliyoambiwa na majirani, hakimu atamzuia, naye asikasirike; jirani ataitwa aseme mwenyewe. Wakili wa mshitakiwa akimwuliza kwa ukali, ajibu polepole. Asipojua Kiingereza, kuna mkalimani.

Cherehani hiyo itakuwa imewekwa kituoni kuwa kielelezo, pengine kwa mwaka mzima, na mwenyewe akishona kwa mashine ya kuazima. Si lazima iwe hivyo. Aweza kumwomba mwendesha mashtaka aieleze mahakama kwamba ndicho chombo chake cha kazi, ili kipigwe picha, namba yake iandikwe, naye akabidhiwe akitunze mpaka shauri liishe. Na hukumu ikisha kutolewa, mahakama yaweza kuamuru mali iliyokutwa kwa mshitakiwa irudishwe kwa mwenyewe. Aende na namba yake ya OB, kitambulisho chake, na risiti ikiwa ipo.